Umeme wa maji sasa ni umeme wa jioni

Ndani ya miezi minne ya mwaka 2025, mabwawa yalirudi kwenye kurasa za mbele. Juni, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 250 za kuanzia maandalizi ya bwawa la Inga 3 kwenye mto Kongo. Julai, Waziri Mkuu wa China, Li Qiang, alizindua ujenzi wa vituo vitano vya kufua umeme kwenye mto Yarlung Tsangpo huko Tibet, kazi iliyokadiriwa kugharimu yuani trilioni 1.2 na kutoa umeme mara tatu ya ule wa bwawa kubwa la China la Three Gorges. Septemba 9, Ethiopia ikazindua bwawa la GERD kwenye Nile ya Buluu, lenye megawati 5,150, kubwa kuliko yote barani Afrika. Mabishano yakaanza papo hapo. Kuna waliosema huu ndio ushahidi kwamba hakuna nchi itakayoachana na makaa ya mawe bila kutegemea maji. Kuna waliosema mabwawa ni mambo ya karne iliyopita: yanamaliza fedha, yanahamisha watu, na paneli za jua zimeshuka bei kiasi kwamba kumwaga zege mtoni ni ufujaji. Nimewasikiliza wote kwa makini, na naona wanatumia mizani moja, nayo ni mizani mbovu.

Mizani yenyewe ni idadi ya uniti: bwawa linatoa uniti ngapi kwa mwaka, na kila uniti inagharimu kiasi gani. Kwa hesabu hiyo jua limeshashinda karibu kila mahali, na litazidi kushinda. Lakini hakuna anayetumia umeme kwa mwaka. Tunautumia kwa dakika, na dakika ya saa saba mchana si sawa na dakika ya saa mbili usiku. Ninachodai ni kwamba kazi ya umeme wa maji imebadilika bila wengi kugundua. Bwawa lilikuwa shamba, likihesabiwa mavuno. Sasa ni ghala, na ghala hupimwa kwa kile linachoweza kutoa siku ambayo shamba halina kitu. Anayejenga na kuendesha bwawa leo kana kwamba bado ni shamba ataingia hasara mara mbili, ya fedha na ya mto. Na anayetaka ghala lifungwe kwa sababu shamba la jirani limestawi hajafikiria miezi ya njaa.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Kati ya vyanzo vyote vya nishati jadidifu, maji bado yanaongoza kwa kutoa umeme mwingi zaidi: takriban asilimia 14 ya umeme wote duniani, kutoka kwenye mitambo yenye uwezo wa gigawati kama 1,400. Three Gorges peke yake ina megawati 22,500. Itaipu, inayomilikiwa kwa pamoja na Brazili na Paraguai, ina 14,000. Mafanikio hayo yana gharama ambayo haikuandikwa kwenye mikataba. Three Gorges iliwahamisha watu zaidi ya milioni 1.2. Tume ya Dunia ya Mabwawa, iliyotoa ripoti yake mwaka 2000, ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 40 na milioni 80 walikuwa wamehamishwa kupisha mabwawa ya kila aina. Kwenye bonde la Zambezi, Watonga wapatao 57,000 waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 kupisha ziwa la Kariba, lililo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na baadhi ya vijiji vyao vilikaa miongo mingi gizani huku nyaya za msongo mkubwa zikipita juu ya mapaa yao. Mtu akikuambia umeme wa maji ni wa bei nafuu, muulize kwanza nani alilipa ile sehemu nyingine.

Hata hivyo si kila mtambo wa maji ni ghala, na hapa mijadala mingi huteleza. Kuna mitambo inayokaa juu ya mkondo wenyewe bila hifadhi ya maana: mto ukijaa inazalisha, mto ukipungua inanyamaza. Hiyo ni ndugu wa jua na upepo, inafuata hali ya hewa. Kuna yenye bwawa linalotunza maji ya saa chache au siku chache. Na kuna yenye ziwa linalobeba maji ya msimu mzima, wakati mwingine ya mwaka hadi mwaka. Kuziweka zote kwenye kapu moja liitwalo "umeme wa maji" ni sawa na kusema mkokoteni na treni ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vina magurudumu. Norwei inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake kwenye maji, lakini majirani zake hawaiheshimu kwa asilimia hizo. Wanaiheshimu kwa sababu mabwawa yake yakijaa yanahifadhi umeme wa karibu saa-terawati 87 (uniti bilioni 87), kama nusu ya hifadhi yote ya aina hiyo Ulaya. Mwaka 2021 nyaya mbili za chini ya bahari, kila moja ya megawati 1,400, zilianza kazi kati yake na Ujerumani na Uingereza. Upepo ukivuma sana kwa wenzake, Norwei inanunua umeme wao na kuacha maji yake yatulie. Ukikatika, inafungua milango.

Ukitaka kuona ghala likifanya kazi, rudi Aprili 28, 2025. Muda mfupi baada ya saa sita na nusu mchana kwa saa za Hispania, gridi ya Hispania na Ureno ilianguka ndani ya sekunde chache. Treni zikasimama, lifti zikakwama, taa za barabarani zikazimika. Gridi ikishakufa, kuiwasha tena ni kazi ngumu, kwa sababu mitambo mingi inahitaji umeme ili ianze kutoa umeme: pampu, mafeni, kompyuta za kuongozea, vyote vinasubiri waya ulio hai. Mtambo wa maji hauna shida hiyo. Jenereta dogo la dizeli au betri za akiba zinatosha kufungua mlango wa maji; maji yanashuka kwa uzito wake, rota nzito inaanza kuzunguka, na waya wa kwanza unapata moto. Kutoka hapo unawashwa mtaa, kisha kituo kingine, kisha mji. Nchini Ureno, mtambo wa Castelo do Bode ulikuwa mmoja wa mitambo miwili iliyotumika kuifufua gridi ya nchi nzima. Hispania nayo ilianzia kwenye mabwawa yake. Hakuna mtu aliyeuliza siku hiyo uniti moja ya Castelo do Bode inauzwaje.

Sasa tuje kwenye hoja nzito zaidi ya wanaopinga, nayo ni ukame. Hii siipuuzi hata kidogo. Niliwahi kusimama juu ya ukuta wa bwawa mwishoni mwa kiangazi, nikaona kwenye miamba ule mkanda mweupe unaoonyesha maji yalifika wapi miaka mizuri. Chini ya mkanda ule kulikuwa bado na maji mengi, ziwa kwelikweli, lenye mitumbwi na ndege. Mashine karibu zote zilikuwa zimezimwa. Kwa mgeni hilo ni fumbo, lakini maelezo yake ni rahisi: mdomo wa kuchotea maji uko juu, na maji yaliyo chini yake hayafiki kwenye mitambo. Kariba inafundisha vizuri zaidi. Ziwa lile linabeba takriban kilomita za ujazo 180, na kwa ujazo ndilo kubwa kuliko maziwa yote yaliyotengenezwa na binadamu. Lakini mitambo imepangwa kufanya kazi kati ya mita 475.5 na mita 488.5 juu ya usawa wa bahari. Mita 13, basi. Yanayotumika ni kama kilomita za ujazo 65. Mengine yote ni maji ya kutazama tu.

Mwishoni mwa 2022 maji hayo ya kutumika yalishuka hadi chini ya asilimia 5, na Mamlaka ya Mto Zambezi ikaitaka Zimbabwe isimamishe mitambo ya upande wake kwa kuwa ilikuwa imemaliza mgao wake. Mwaka 2024, baada ya mvua kukosekana, Zambia, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake ulitoka kwenye maji, ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Zipo familia zilizokaa saa 20 na zaidi kwa siku bila umeme. Vinyozi, mafundi wa kuchomelea vyuma, wauza samaki wabichi, wote walisimama. Si Afrika peke yake: Agosti 2022 mkoa wa Sichuan, China, ulifunga viwanda baada ya mito kukauka, na Agosti 2021 mtambo wa Oroville huko California ulizimwa kwa sababu ya kina cha maji kwa mara ya kwanza tangu uanze kazi miaka ya 1960. Wanaosema mabadiliko ya tabianchi yanaufanya umeme wa maji kuwa kamari wana ushahidi mkononi.

Lakini ushahidi huo unathibitisha nini hasa? Unathibitisha kwamba kula akiba kila siku, asubuhi, mchana na usiku, kutakufikisha kwenye ghala tupu. Kariba haikuishiwa kwa sababu ya ukame tu. Iliishiwa kwa sababu maji yalikuwa yakipitishwa kwenye mitambo hata saa zile ambazo jua lilikuwa linachoma utosi. Anga ya ukame ni anga isiyo na mawingu, na msimu ambao mto umenywea ndio ambao paneli zinazalisha vizuri. Vyanzo hivi viwili vinapokezana vyenyewe, tukiviacha. China ilijaribu jambo hili mapema kule Longyangxia, kwenye Mto Manjano, mkoani Qinghai. Kando ya bwawa lenye mitambo ya megawati 1,280 waliweka paneli za megawati 850, zikaunganishwa kwenye kituo kilekile kana kwamba ni mashine moja zaidi ya bwawa. Wingu likipita juu ya paneli, milango ya maji inafunguka kidogo kufidia. Jua likirudi, inajifunga na maji yanabaki ziwani. Laini ya kusafirisha umeme ni ileile. Ghana nayo imeweka megawati 50 za jua pale Bui, kwenye bwawa la megawati 400. Kila uniti ya jua inayotumika mchana ni maji yaliyoahirishwa hadi jioni, au hadi mwezi wa mwisho kabla ya mvua.

Kuna hoja nyingine ya wapinzani ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa inasambaa sana: kwamba mabwawa yanatoa gesi ya methani kiasi cha kulingana na makaa ya mawe, hivyo si nishati safi. Kiini chake ni kweli. Ukifurika msitu, majani na miti inaoza chini ya maji yasiyo na oksijeni, na methani inapanda. Mfano unaotajwa siku zote ni Balbina, katika Amazon ya Brazili, ambako kilomita za mraba zipatazo 2,360 zilizamishwa ili kupata megawati 250. Huo ulikuwa uamuzi wa aibu. Lakini Itaipu ilizamisha eneo dogo zaidi, kilomita za mraba kama 1,350, kwa megawati 14,000. Tathmini ya mwaka 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, iliweka kadirio la kati la umeme wa maji kwenye gramu 24 za hewa ukaa kwa uniti, dhidi ya gramu 820 za makaa ya mawe, huku ikikiri kwamba yapo mabwawa yaliyovuka hata gramu 2,000. Pengo kubwa namna hiyo linatuambia tuchague mahali kwa uangalifu na kukataa bonde pana la msituni lisilo na mteremko. Halituambii kwamba kitu chenyewe ni kibaya. Hoja inayochukua mfano mbaya kuliko yote na kuugeuza kanuni inawasaidia wachimba makaa ya mawe, hata kama msemaji hakukusudia.

Hoja ya betri ni tofauti, nayo inastahili heshima. Bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa karibu asilimia 90 tangu 2010. California ilivuka megawati 10,000 za betri mwaka 2024, na jioni fulani za mwaka huo betri zilikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi kwa muda. Nakubali kabisa matokeo yake: kazi ya kusogeza umeme wa mchana hadi jioni ya siku ileile inaondoka mikononi mwa mabwawa madogo, na haitarudi. Mwekezaji anayependekeza leo bwawa jipya lenye hifadhi ya saa tano anashindana na kontena za betri zinazowekwa ndani ya miezi. Lakini betri nyingi za gridi zimeundwa kwa saa mbili hadi nne. Jaza betri hizo mwezi wa nne ukitegemea kuzitumia mwezi wa kumi, uone zitakavyokugharimu. Umeme wa msimu hadi msimu bado unahifadhiwa kwa wingi mahali pamoja tu, nyuma ya kuta za mabwawa makubwa. Kwa hiyo betri hazifuti umeme wa maji, zinauchuja. Zinayaacha yale yenye hifadhi ndefu na kuyaondolea sababu mengine. Nchini Marekani, mabwawa manne ya mto Klamath yaliondolewa hadi kufikia 2024. Kwa pamoja hayakufika hata megawati 200, na yalikuwa yamewafungia samaki aina ya samoni njia kwa zaidi ya karne moja. Wiki chache baada ya kuta kuondoka, samoni walionekana tena juu ya pale lilipokuwa bwawa la mwisho. Nilifurahi, na sioni kwamba furaha hiyo inapingana na ninayoyasema hapa. Ghala lisilo na nafaka halina sababu ya kuziba njia ya samaki.

Mizani hii mpya inabadilisha hata namna ya kulitazama GERD. Wahandisi kadhaa wamelalamika miaka mingi kwamba mitambo yake ni mikubwa kupita kiasi: kwa uzalishaji uliotangazwa, wa takriban saa-gigawati 15,700 kwa mwaka, wastani wake ni kama megawati 1,800 tu, theluthi ya uwezo ulioandikwa kwenye kibao. Kwa mizani ya shamba hiyo ni hasara tupu, mashine mbili kati ya tatu zimelala. Kwa mizani ya ghala ni mlango mpana: maji yanayotunzwa mchana yanaweza kutoka kwa nguvu jioni, wakati paneli za nchi zote za ukanda huo zimelala. Faida hiyo haiji yenyewe, lakini. Inahitaji nyaya za kuvuka mipaka zenye uwezo wa kutosha, na soko linalolipia umeme wa saa ngumu kuliko wa saa rahisi. Na inahitaji makubaliano ya maandishi na Sudan na Misri kuhusu maji yatakayotoka wakati wa ukame wa miaka mfululizo, ambayo hadi siku ya uzinduzi hayakuwepo. Bila hayo, mlango mpana unabaki mapambo ya gharama kubwa.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo watetezi wa mabwawa hulipita haraka. Bwawa la jioni linaumiza mto kwa namna ambayo bwawa la shamba halikufanya. Milango ikifunguliwa na kufungwa kufuata mahitaji ya gridi, mto ulio chini ya ukuta unapanda na kushuka ndani ya saa moja. Mayai ya samaki yaliyotagwa kwenye maji ya kina kifupi yanaachwa juani. Mama aliyeingia kuchota maji, au mvuvi aliye katikati ya mkondo, anakutwa na wimbi lisilo na mvua. Kihansi, nchini Tanzania, inatukumbusha jinsi viumbe vinavyoweza kutegemea maji kwa namna tusiyoiwazia. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kuchukua maji ya maporomoko mwaka 2000, kilichopungua zaidi ni mvuke ule wa matone unaorushwa na maporomoko. Ndani ya mvuke huo, kwenye eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakuwahi kuonekana mahali pengine popote duniani. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, mabomba ya kunyunyizia maji yakafungwa korongoni kuiga mvuke, lakini mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Kilichoanza kumwondoa hakikuwa moshi wala mafuta. Ilikuwa nishati tunayoiita safi.

Kwa hiyo kanuni za mtiririko, yaani kiasi cha chini cha maji kinachopaswa kupita kila saa na kasi ya juu inayoruhusiwa katika kufungua milango, haziwezi kuachwa kama kiambatisho cha mkataba. Ndizo mkataba wenyewe. Mahali pengine jibu ni kuuweka mchezo wa kupanda na kushuka nje ya mto kabisa: mabwawa mawili, moja juu ya mlima na lingine chini, maji yakipandishwa kwa umeme wa ziada na kushushwa wakati wa uhaba. Fengning, kaskazini mwa China, iliyokamilika mwishoni mwa 2024, ina megawati 3,600 za namna hiyo. Haihitaji mto mkubwa, na maji yaleyale yanazunguka.

Sehemu kubwa ya kazi, naamini, haihitaji bonde jipya kuzamishwa. Yapo mabwawa mengi yenye mitambo ya miaka 40 au 50 inayoweza kubadilishwa, yenye laini za umeme zinazokaa nusu tupu kila mchana, na yenye mashapo yanayozidi kuila hifadhi mwaka hadi mwaka bila mtu kuyaondoa. Kikwazo kikubwa mara nyingi kiko kwenye karatasi. Mikataba mingi inamlipa mwendeshaji kwa kila uniti anayotoa, bila kujali saa, kwa hiyo akizima mashine saa saba mchana ili kutunza maji anapoteza mapato. Amefanya jambo sahihi na ameadhibiwa. Alipwe kwa kuwa tayari, kwa maji aliyonayo mwishoni mwa kiangazi, na kwa kasi ya kuitikia gridi inapoyumba, kisha atayatunza maji bila kusukumwa.

Kariba tayari ina msingi wa kitu kama hicho. Kila mwaka Mamlaka ya Mto Zambezi hupima ziwa na kuwapangia wazalishaji wa Zambia na Zimbabwe mgao wao kwa ujazo wa maji. Mgao huo wa mwaka ungeweza kugawanywa tena kwa saa: maji ya mchana yawe machache, ya jioni yawe mengi, na kila megawati ya jua itakayofungwa pande zote mbili za mto iandikwe kwenye daftari hilohilo kama mita za ujazo zilizobaki ziwani. Kina kinapimwa kila siku na takwimu zipo wazi. Ifikapo Oktoba, kabla ya mvua, mtu yeyote ataweza kusoma kwenye ule mkanda mweupe wa miamba kama wamefanya hivyo au la.